Nguzo ya Sita

Kisauni, Jumapili baada ya ibada,
mwaka wa pili tangu vita kwisha.

Dada yangu Wakesho,

Shikamoo. Nakuamkia kabla ya neno lolote, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akiingia na habari mbele ya salamu, habari yenyewe hugeuka kelele. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mwanao Mwakio aliniandikia kwamba sasa unashuka mtoni kwa fimbo na umekataa katakata kuchotewa maji. Sikushangaa. Je, mvua imewafikia huko Sagalla, au bado mnaitazama ikipita upande wa Voi? Mimi ni mzima. Kifua hunibana asubuhi kwa unyevu wa huku pwani, lakini nikinywa chai ya tangawizi hufunguka, na darasa la chini bado wananiachia nilishike, ingawa nywele zimekwisha kuwa nyeupe zote.

Utauliza mbona nimekaa miezi mitatu bila kuandika. Ningeweza kusema ni kazi, nawe ungejua ninadanganya. Nilikuwa na wivu. Mwenye wivu hamwandikii dada yake, kwa sababu dada yake atamjua kabla hajafika mstari wa tatu. Wewe uliniona nikiwa na miaka saba nikificha mwiko ili mtoto wa shangazi asikwanguliwe ukoko wa ugali. Basi mtoto yule hakufa, dada. Amezeeka tu.

Nianze na mawe, maana bila mawe hutaelewa mengine. Mawe ya kwetu ni magumu, yana vimeta vinavyong'aa juani, na ukiyapasua hukuti kitu ndani ila jiwe. Ya huku sivyo. Jiwe la huku lina matundu kama sega la nyuki lililokauka, na ukilitazama kwa karibu utaona kombe, konokono wa bahari, na matawi ya matumbawe yameganda humo humo. Lilijengwa chini ya maji na viumbe vidogo kuliko punje ya mtama, kila kimoja kikijenga juu ya nyumba ya mwenzake aliyekufa, mpaka ukawa mwamba. Kisha bahari ikarudi nyuma, mwamba ukabaki nchi kavu. Kwa hiyo sisi wa Kisauni tunalala juu ya mgongo wa bahari ya zamani. Katika ukuta wa chumba changu, kando ya dirisha, kuna kombe la chaza limetokeza nusu. Huwa natundikia kofia.

Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila mwisho wa muhula, nimekuwa nikiwachukua watoto wa darasa langu kwa miguu kutoka lango la kanisa la Frere Town, tukapita kisima cha zamani, tukaufuata ukingo hadi kwenye jabali lililo juu ya mkono wa bahari. Pale mwamba umeliwa kwa chini kama hindi lililogugunwa na panya, na mahali ulipoliwa ni juu kuliko maji yanapofika leo. Huwaambia watoto: bahari ilisimama hapa, haya ni meno yake. Kisha huwasimulia watu walioteremshwa kutoka katika majahazi ya watumwa, wakapewa viwanja hapa na kuanza maisha ambayo hawakuyachagua lakini wakayafanya kuwa yao. Wajukuu wao ndio majirani zangu. Hakuna aliyeniagiza kufanya matembezi hayo, wala hakuna aliyewahi kunishukuru, na nilidhani sihitaji.

Mwaka huu memsabu mmoja, mke wa mhandisi, mwanamke atembeaye juani na kofia pana akiokota mawe kama mtu aokotaye mayai, aliiona njia hiyo akaipenda. Akawaendea wakubwa akawaambia ifanywe njia ya watu wote. Isafishwe, iwekwe nguzo tisa zenye nambari, na kila nguzo iwe na ubao wa maneno, Kiingereza juu na Kiswahili chini, kueleza jiwe hili ni la namna gani na hapa palitokea nini. Wakakubali kwa sharti. Ardhi ile ya ukingoni inatakiwa na wachimbaji wa mawe ya kujengea, maana mji unakua na kila mtu anataka nyumba ya mawe. Basi wakasema: palipo na nguzo patazungushiwa kamba nyeupe, na sururu haitagusa. Pasipo na nguzo ni pa wachimbaji. Lishike hilo, dada, kwa sababu lina uzito kuliko yote nitakayokuandikia.

Memsabu akamwomba padre mtu anayeijua njia. Mimi nilikuwa nimekwisha kupiga pasi koti langu la kitani. Padre akampeleka Zakaria.

Zakaria ni mtoto wa fundi wa reli kutoka bara. Alilelewa Chaani, ng'ambo ya pili ya kisiwa, akaletwa kwangu akiwa na miaka kumi hajui hata kushika kalamu. Mimi ndiye niliyemwonyesha kombe la kwanza ndani ya jiwe. Alilitazama mpaka wenzake wakamwacha njiani. Sasa amerudi kutoka chuo cha ualimu na soksi ndefu, baiskeli, na Kiingereza kinachotiririka kama maji ya bomba. Padre aliniambia, "Mwalimu, wewe pumzika. Kijana atakuwakilisha." Nikajibu, "Vema." Neno hilo lilinikaa kooni siku tatu kama mwiba wa samaki.

Walipita mbele ya dirisha langu asubuhi moja, yeye na memsabu, nikamsikia akisema, "Sisi wa Kisauni tunalala juu ya mgongo wa bahari ya zamani." Memsabu akasimama, akatoa kijitabu, akaandika. Akamwambia ni maneno mazuri mno. Na Zakaria akasema asante. Dada, nilikaa pale na kikombe mkononi mpaka chai ikaota ngozi.

Siku chache baadaye alikuja jirani yangu Hamisi, mchoma chokaa. Kwetu hakuna kazi hii, kwa hiyo nieleze. Wachoma chokaa hupanga magogo kwa duara, juu yake wakarundika vipande vya matumbawe, wakatia moto. Mawe yakipoa huwa meupe na mepesi, na ukiyamwagia maji yanachemka na kuvunjika kuwa unga. Ndio chokaa inayopakwa nyumba zote za huku. Tanuu hilo likiachwa miaka, linabaki duara la mawe na kifusi kilichoinuka katikati, kimeota majani. Mtu aliyekulia hapa hulijua kwa jicho moja.

Hamisi alikaa barazani bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Mwalimu, mwanafunzi wako kamzika baba yangu mara ya pili."

"Kamzika wapi?"

"Tanuuni kwake. N'mepita na punda n'kaiona nguzo ya sita, na wazungu wawili wamevua kofia. Kijana yuwawaambia hapo ndipo walipolala watu wa kwanza waliokombolewa. Wallahi, mzee wangu kachoma chokaa pale mpaka kope zikaungua, leo paitwa makaburini."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kicheko chenyewe kilikuwa kitamu kuliko kilivyostahili. Hamisi alicheka nami kidogo, kisha akauliza.

"Na makaburi yenyewe?"

"Yako hatua sitini mbele, nyuma ya vichaka."

"Yalipo nayajua. Nakuuliza, utamwambia? Maana mimi nikisema, watasema mchoma chokaa ataka tanuu lake."

"Ana chuo kizima kichwani," nikamjibu. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

"Huyu hakufunzwa na mamaye," akasema Hamisi akiinuka. "Kafunzwa na weye."

Mzizi wa kosa hilo, kwa kweli, ni mimi. Kila mwaka niliwaambia watoto, "Makaburi ya kwanza yako kule, yamezungushiwa mawe," nikinyoosha fimbo bila kuwafikisha. Aliyenikataza kuwafikisha ni Bibi Tabitha, ambaye zamani alikuwa mpishi wa shule yetu. Mama yake alitolewa jahazini akiwa msichana, akafa Tabitha akiwa bado mdogo, akazikwa pale ukingoni kabla uwanja wa kanisa haujaanza kuzikwa watu. Nilipokuwa mwalimu mgeni alinishika mkono akanipeleka. Kulikuwa na makaburi matano kwa mstari, yamezungushiwa vipande vya matumbawe, na juu ya la mama yake kombe moja kubwa limewekwa kifudifudi. Aliniambia nisilete watoto, kwa kuwa miguu yao ni mingi mno kwa watu waliokwisha kukanyagwa vya kutosha. Nikatii. Basi Zakaria, aliyejua tu kwamba kuna mawe ya duara mahali fulani kule, na ambaye huko Chaani hakuwahi kuona tanuu, aliona duara akaona kaburi.

Jumatano kabla ya siku ya kuifungua njia, akaja nyumbani na karatasi tisa.

"Hodi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, mwalimu mwenzangu."

Akacheka kwa haya. "Usiniite hivyo. Nimekuja unisahihishie kama zamani. Kesho maneno haya yanapelekwa kwa mchora mbao, na sitaki hata moja lipotoke."

Nikatoa penseli yangu nyekundu. Nikasahihisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa ameandika vizuri, dada, na hilo nalo liliniuma. Nikafika ya sita. "Hapa wamelala watu wa kwanza wa mji huu." Penseli ikasimama.

"Hapo ndipo ninapoogopa," akasema. "Nimekosea kitu?"

Aliniuliza waziwazi, uso kwa uso, akiwa ameinama mbele kitini kama alivyokuwa akiinama kwenye dawati. Nikamwambia, "Umeweka mkato pasipohitajika." Nikaufuta mkato. Nikampa karatasi zake, akanishukuru kwa mikono miwili.

Sitakuficha nilichokuwa nikikitaka. Nilitaka Jumamosi, watu wote wakiwepo, kosa lionekane, na memsabu ageuke aulize, "Basi nani anajua?" Nilikuwa nimekwisha kuona akilini mahali nitakaposimama. Kuhusu wachimbaji nilijiambia wanaanza Jumatatu, kwa hiyo zipo siku mbili za kurekebisha. Nilipiga hesabu yangu vizuri.

Jumamosi walikuja watu wengi, wa kanisani, wa Magogoni, na wazungu kama kumi. Zakaria alikuwa amemleta Bibi Tabitha awaombee wafu wake. Macho ya bibi sasa yamezibwa na mtoto wa jicho, hatofautishi mtu na mlango. Zakaria alimshika mkono njia nzima akimwambia, "Hapa kuna jiwe, bibi, inua mguu," na wanawake wakisema kijana gani huyu mwenye adabu. Tukafika nguzo ya sita. Bibi Tabitha akainama, akapapasa mawe, akasugua vidole vyake pamoja, kisha akapitisha kimoja ulimini.

"Mwalimu Eliudi yumo humu?" akauliza.

"Nipo, bibi."

"Nimeletwa kwa mama yangu, au nimeletwa jikoni kwa baba Hamisi?"

Watu wakacheka. Hamisi alitazama chini.

"Macho yangu yamekwisha," akasema. "Niambie weye."

"Hili ni tanuu, bibi," nikasema.

Memsabu akageuka kunitazama, sawasawa kama nilivyokuwa nimeona akilini. Watu wote wakanitazama. Zakaria peke yake hakuonekana kushangaa kwa kosa lake; alikuwa akishangaa kwa jambo jingine. Alinisogelea akauliza kwa sauti ya chini, "Jumatano ulijua?"

Nikageuza macho kuelekea vichakani. Lakini Bibi Tabitha alikuwa amesimama katikati yetu, na aliyepoteza macho masikio yake huona.

"Nipeleke," akaniambia, na akauachilia mkono wa Zakaria.

Tulisikia sururu kabla hatujaona kitu. Kumbe kamba nyeupe zilikuwa zimekwisha kufungwa tangu Alhamisi, na wachimbaji, walipoona mipaka iko wazi, hawakuona sababu ya kungoja Jumatatu. Mnyapara wao akavua kofia akaniambia bila ubaya, "Mzee, hapa hapana nguzo. Sisi tumefuata kamba." Na kweli walifuata kamba. Walikuwa wamekata mwamba kwa mraba safi, mawe yamepangwa kando tayari kupakiwa, na kati ya makaburi matano yalibaki matatu.

Bibi Tabitha alipiga magoti. Mkono wake ukalikuta kombe, akalishika hivi, kama mtu ashikavyo kichwa cha mtoto. Nilianza kupumua. Kisha mkono ukaendelea kushoto kutafuta kaburi la jirani, ukakuta hewa.

"Wenzake wako wapi?"

Mnyapara akavaa kofia yake, kisha akaivua tena.

"Hawa walitoka naye chombo kimoja," akasema bibi. "Walikuwa wasichana watatu, wakaapa wasitengane. Kwa hiyo walizikwa hivi."

Memsabu akamwomba Zakaria amuulize majina yao. Akauliza.

"Mama alikuwa akiyajua," akasema bibi.

Mifupa ilikuwa imesogezwa na kifusi, na vibarua waliogopa kusema. Tuliikusanya alasiri ile, mimi, Zakaria na Hamisi, tukaizika pamoja kando ya mwenye kombe, kwa kuwa hatukuweza kujua upi ni wa nani. Zakaria alipotaka jembe alimwomba Hamisi. Tulipomaliza, Bibi Tabitha, aliyekaa kivulini muda wote akisikiliza majembe, aliniambia, "Nilikuonyesha weye ili nikifa pasikose mtu. Afadhali ningemwonyesha Hamisi."

Dada, sisi babu zetu wamo pangoni, fuvu kwa fuvu, kila moja mahali pake, na yuko mtu anayejua hili ni la nani na lile ni la nani. Ulinipeleka pale mwenyewe nikiwa mtoto, ukanitajia mpaka wa nane. Ukihamisha moja bila ruhusa, ukoo mzima utauliza. Mimi niliyelelewa hivyo nimewapoteza wasichana wawili wa watu, wasio na mtu wa kuwauliza, kwa sababu kijana mmoja alisema maneno yangu na akaambiwa ni mazuri.

Nguzo ya sita iling'olewa ikapandwa panapostahili, na kamba ikazungushwa. Memsabu alinijia mwenyewe, akaniomba mimi niandike maneno ya ubao mpya, kwa kuwa imeonekana ndiye nijuaye. Hicho ndicho nilichokitamani miezi mitatu. Nilikaa na karatasi siku mbili nisiweze kuandika mstari. Nikamwambia amwombe Zakaria. Akaandika, na ameandika vizuri.

Ijumaa iliyopita aliwaongoza watu, nami nikafuata nyuma kabisa. Tulipofika nguzo ya sita alisimama akasema, "Nguzo hii mwanzoni niliiweka mahali si pake. Watu wawili walichimbwa kwa kosa langu." Basi. Hakuongeza neno, wala hakunitazama. Mama mmoja akampapasa bega, na wazee wakatikisa kichwa kwa kumkubali.

Unadhani moyo wangu ulifanya nini? Ulimwonea wivu. Nilisimama pale nikimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba alilisema kwa wepesi, mbele ya watu, na likamkaa vizuri kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake. Na kosa lenyewe si lake. Amebeba la kwangu, na watu wanampenda zaidi kwa ajili yake, na mimi nimebaki mzee niliyejua jibu.

Nalitaka lirudi kwangu, dada. Ijumaa hii nitasimama kwenye nguzo hiyo kabla yake, niseme kwamba aliniletea karatasi, akaniuliza, nami nikafuta mkato. Sijui sauti itatoka vipi, kwa hiyo nimeanza na wewe. Najua barua hii utasomewa na Mwakio, na wakwe watakuwa wamekaa kando wakingoja salamu zao. Nilifikiri kuandika juu ya bahasha isomwe faraghani. Sikuandika. Asome yote, na kwa sauti.

Nisalimie shemeji yangu, na umwambie dawa ya kifua aliyonipa imefaa. Nisalimie Mwakio na mkewe, na mjukuu wako mwenye jino la mbele lililovunjika. Nisalimie shangazi yetu wa mlimani ikiwa bado anasikia, na mzee wa kanisa aliyenibatiza. Nisalimie pia mtunza pango, na umwulize kwa niaba yangu ikiwa kuna lolote lifanywalo kwa waliopotezewa mahali pao.

Ukipenda kunigombeza, nigombeze. Karatasi nimekufungia mbili tupu ndani ya bahasha.

Ni mimi mdogo wako,
Eliudi